Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Mtaa wetu: sanduku letu lina kufuli tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam. Tulionana juzi msibani, ukanipa pole, nikakuletea maji ya kunawa, yakaishia hapo. Msibani si mahali pa kuulizana hesabu. Nakuandikia, tena naandika hadharani, kwa sababu nimefika ofisini kwako mara tatu na mara zote tatu nimeambiwa mtendaji ameitwa manispaa na daftari amelifungia kabatini.

Unanifahamu. Ni mimi mwenye genge pale kona ya kwenda msikitini, mpangaji wa mwaka wa 14 sasa. Nyanya za nyumbani kwako zinatoka kwangu, na nikiri kwamba mama watoto hajawahi kunikopa hata fungu moja la bamia.

Jambo langu ni mkutano. Mtaro nitautaja, na zile elfu tano nitazitaja, lakini kilichonitoa usingizini ni mkutano wa wakazi, maana siku hizi tunaitwa kusomewa matangazo kisha tunaambiwa tumeamua.

Chukua ule wa mwisho. Bajaji yenye spika ilipita Jumamosi magharibi: kesho saa tatu kamili asubuhi, chini ya mwembe, bila kukosa. Nilifunga genge nikafika saa tatu kasoro. Tulianza saa tano kasoro robo. Kule mbele meza, kitambaa cha bluu, maji ya chupa, wajumbe wa kamati. Huku sisi, wenye bahati kwenye viti vya plastiki, wengine juu ya matofali ya yule jirani anayejenga. Kabla hujafungua ikapitishwa karatasi tujaze jina, namba ya simu na saini. Niliigeuza mbele na nyuma. Juu yake palikuwa patupu: hakuna tarehe, hakuna neno "mahudhurio", hakuna kitu. Nilisaini kwa sababu mwenzangu wa kushoto alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea. Mpaka leo sijui nilisaini nini.

Muhtasari wa mkutano uliopita haukusomwa. Ulisema muda umetutupa mkono. Sisi tuliofika saa tatu tulitazamana. Muhtasari usiposomwa hakuna yatokanayo, na yatokanayo ndipo mahali pekee ambapo mwananchi anaweza kusema: mara ile mlisema hivi, mbona imekuwa vile? Umeiruka ajenda moja, umelifunga na swali lake. Ukaendelea na taka, ukaendelea na ulinzi shirikishi, mgeni kutoka kata akazungumza nusu saa kuhusu vyoo, na mengineyo yakapewa dakika tano, watu wameshaanza kukung'uta kanga.

Nilisimama katika dakika hizo tano. Niliuliza mambo matatu tu kuhusu mtaro: zimekusanywa shilingi ngapi, mtambo wa kijiko uliochimba umelipwa ngapi, zimebaki ngapi.

Kwa wasiokuwa wa mtaa wetu nieleze kidogo. Kabla ya masika kila kaya iliambiwa itoe elfu tano ili mtaro mkubwa uzibuliwe. Kijiko kilikuja siku ya Jumanne, kikachimba kuanzia barabarani hadi kwa fundi baiskeli, adhuhuri kikaondoka. Tope lote kililokuwa kimelichota kililaza kandokando ya mtaro, pembeni kabisa, kama mtu aliyetoa uchafu uvunguni akaurundika mlangoni. Mvua ya kwanza ikalirudisha tope ndani, ya pili ikaingia gengeni kwangu. Nilitoa gunia mbili za vitunguu zimeshaoza, nikazitupa mwenyewe.

Siku ya kuchangisha ulitutajia kwa kinywa chako kwamba mtaa una kaya 640. Tuseme nusu yake tu ndio walilipa. Hizo ni shilingi 1,600,000. Sisemi zimeliwa, maana sijui, na wewe ndiye uliyechagua nisijue. Ulinijibu: "Hesabu zipo ofisini, mwenye swali aje." Na mjumbe wako mmoja akaongeza, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye matofali, kwamba wapangaji ndio wenye kelele na kesho wanahama. Watu wakacheka. Nawe ulicheka, kidogo.

Hapo nilikaa chini. Lakini nikakumbuka Oktoba 2024, kati ya tarehe 11 na 20, tulipokuwa tunaandikishwa kwenye orodha ya wapiga kura wa mtaa. Ulipita uani kwetu mara mbili kutuhimiza. Hukumuuliza mtu yeyote hati ya nyumba. Ilitosha uwe na miaka 18 na uwe mkazi wa hapa. Tarehe 27 Novemba tulipanga foleni wenye nyumba na wapangaji, jua lile lile. Kama siku ile nilikuwa mkazi, nilikoma lini?

Sasa nikueleze habari ya uani kwetu, kwa sababu unaijua nusu tu.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri tunakaa kikundi, wanawake 27 na wanaume watatu. Ni VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kama vingine, na ndani yake kuna mfuko wa kuzikana. Sanduku letu ni la bati, fundi wa huku huku mtaani ametuchomelea, na lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu wanaokaa nyumba tatu tofauti, na mwenye kukaa na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Hakuna anayeona ametukanwa kwa utaratibu huo. Mwenyekiti wetu ndiye wa kwanza kuudai, anasema unamlinda yeye kuliko unavyotulinda sisi: pesa ikipungua, hakuna wa kumnyooshea kidole.

Kabla ya sanduku kufunguliwa, mwenyekiti anauliza: wiki iliyopita tulifunga na kiasi gani? Hajibu katibu. Tunajibu sisi, maana tukifunga kila mtu anaondoka na tarakimu kichwani. Yupo bibi mmoja, umri wake unapita 70, kusoma hajui, na hajakosea hata mara moja. Siku moja katibu alisoma 412,000 na bibi akasema, "Mwanangu, ilikuwa mia nne ishirini na moja." Ikafunguliwa, ikahesabiwa mbele yetu, ikakutwa 421,000. Katibu alikuwa amegeuza tarakimu alipokuwa ananakili. Alicheka, akafuta, akalipa faini ya mia tano, tukaendelea na hisa. Dakika nne zilitosha.

Wanaosimamia mambo haya wanasema mtindo huu wa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma. Ndiyo maana hesabu inasemwa kwa sauti na kushikwa kichwani.

Na hapa ndipo ninapokuhitaji, Mwenyekiti. Ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu vikatakiwa kusajiliwa. Tuliambiwa tulete katiba, majina ya viongozi, muhtasari wa kikao uliosainiwa, na barua ya serikali ya mtaa. Tulikuja kwako. Uliisoma katiba yetu ya kurasa sita pale pale, ukaturudisha kwa sababu muhtasari haukuonyesha nani alitoa hoja na nani aliiunga mkono. Tulikasirika njia nzima, lakini ulikuwa na haki. Tuliandika upya, ukatugongea muhuri. Kwa hiyo unajua kabisa muhtasari unavyotakiwa kuwa. Umetudai sisi watu 30 wenye laki nne kitu ambacho hujatupa sisi wote wenye milioni na ushee.

Najua utasema mtaa si kikoba. Kweli, na mimi nimejaribu kujisomea. Kijiji kwa sheria ni chombo chenye nafsi yake: halmashauri yake inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo zikapitishwa na wilaya. Mtaa wetu wa mjini, chini ya ile Sheria Na. 8 ya 1982 ya serikali za mitaa mijini, haukupewa nafsi hiyo. Huna mshahara. Mtendaji si mwajiriwa wako, ni wa manispaa, na akikuzungusha huna pa kumshika. Juu yako kuna kamati ya maendeleo ya kata, juu yake kuna baraza la madiwani. Usiku wa manane polisi wakija kupekua nyumba, wewe ndiye unayeamshwa uwe shahidi. Mume na mke wakishikana mashati, mlango unaogongwa ni wako. Hayo nayaona, na siku ile uliposimama saa nane usiku na kandambili za watoto katikati ya ugomvi wa nyumba ya nyuma yetu, nilikuombea dua.

Lakini kama mtaa hauna nafsi ya kumiliki na hauna sheria ndogo zake, basi hizo elfu tano zilitoka kwetu kwa nguvu gani? Zilitoka kwa nguvu ya mkutano tu. Wakazi walikaa, wakakubali, wakachangishana. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na kwa ngazi yako madaraka hayo hayakai kwenye ile meza ya kitambaa cha bluu. Yako kwa wale wa juu ya matofali. Ukiwanyima hesabu, mara nyingine utawaita nani wakuchangie? Masika hayana likizo.

Kuna jingine, na hili lilinichoma kuliko vitunguu. Mwanangu wa pili alikuwa anaomba mkopo wa chuo. Fomu ya Bodi ya Mikopo inataka saini na muhuri wa serikali ya mtaa, na siku za mwisho zilikuwa zimebaki mbili. Alianza kwa balozi wa nyumba kumi, kwa sababu hapa kwetu bado unaambiwa uanzie kwa balozi, ingawa balozi ni wa chama na vyama vingi vilirudi tangu 1992. (Balozi wetu ni mzee mwema na hatozi kitu, lakini binti yangu hana chama.) Alipofika ofisini akafunguliwa daftari: kwenu mnadaiwa ulinzi miezi mitano, na uzoaji taka. Jumla shilingi 15,000. Bila hizo hakuna muhuri. Alinipigia akilia. Nilifunga genge, nikakimbia na pesa ya mzigo wa kesho, nikalipa dirishani. Niliomba risiti nikaambiwa kitabu kimeisha.

Deni ninalidaiwa kweli, miezi ile biashara ilikuwa mbaya. Nidai mimi. Niite kwenye kamati, nitaje mkutanoni, nipangie nilipe kidogo kidogo. Ila fomu ya mtoto usiifanye kuwa rehani, maana muhuri ule ulikabidhiwa kwa niaba yetu sote, pamoja na sisi wadaiwa.

Ninachoomba hakina gharama. Muhtasari usomwe, wote, hata kama mgeni kutoka kata amekaa anasubiri. Naye atajifunza kitu. Karatasi ya mahudhurio iandikwe juu kwamba ni ya mahudhurio, tarehe na ajenda, ndipo tusaini. Ule ubao wa matangazo nje ya ofisi, ambao mpaka leo umebeba tangazo la chanjo lililopauka, ubandikwe hesabu ya mtaro kwa tarakimu kubwa: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na risiti ya mwenye kijiko. Na mchango ujao, kabla haujaanza kukusanywa, mkutano uteue watu watatu wasio wajumbe wa kamati washike daftari. Mmoja wao awe mpangaji.

Ukiona hesabu ya mtaro haijakaa sawa, iseme hivyo hivyo ilivyo. Katibu wetu aligeuza tarakimu, akalipa mia tano, na leo bado ni katibu wetu.

Karibu Jumamosi uone sanduku likifunguliwa. Tunakaa uani nyuma ya genge, pale penye mpapai. Njoo na kiti chako, viti vyetu havitoshi. Ni saa tisa kamili, na anayechelewa, awe nani, hulipa mia tano kabla ya kukaa.

Wako,
Mama wa genge la kona
Mpangaji na mkazi