Barua kwa vijana wa Old Moshi mnaouza kihamba ili kukomoana

Wajukuu zangu,

Habari zimenifikia kwamba baadhi yenu mmeshaongea na dalali mjini, na mnunuzi amekwishaonyeshwa kihamba, shamba letu la ukoo. Kuuza ardhi si dhambi. Wapo waliouza wakasomesha watoto, na hakuna aliyewalaumu. Kinachoniuma ni sababu mnayoitoa wenyewe vijiweni: mnamleta mtu baki mwenye pesa na wanasheria ili awanyooshe watoto wa baba yenu mkubwa, kwa sababu ya ugomvi wa mpaka.

Jambo hilo limeshafanyika hapa hapa kwetu, na wakubwa kuliko ninyi.

Mangi Rindi, mtawala wa hapa Moshi enzi hizo, alikuwa mtu mwenye akili nyingi, sitaki mtu amdharau. Hasimu wake mkubwa alikuwa Mangi Sina wa Kibosho, na Rindi alitafuta kila nguvu ya kumzidi. Mwaka 1885 akaweka mkataba na Mjerumani aitwaye Jühlke. Mwaka 1891 jeshi la Wajerumani chini ya Wissmann likapanda Kibosho, wapiganaji wa Rindi wakiwa upande wake, na Sina akapigwa. Rindi akawa amepata alichokitaka, na mwaka huohuo akafariki.

Mgeni hakuondoka. Aliyebaki naye ni mwanawe, Meli. Mwaka 1892 Meli akapigana na Wajerumani akawashinda, na kamanda wao von Bülow akafa vitani. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 wakanyongwa hapa Old Moshi. Alikuwamo Meli, mwana wa Rindi. Alikuwamo Molelia, mwana wa Sina. Alikuwamo Ngalami wa Siha, na viongozi kutoka Meru na Arusha. Tangu Kibosho ipigwe ilikuwa imepita miaka tisa tu, na watoto wa mahasimu wale wawili wakafa siku moja kwa amri ya mtu yuleyule. Kichwa cha Meli kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na uzao wake bado unakitafuta.

Najua mtanijibu kwa kumtaja Marealle wa Marangu, kwamba ndiye aliyewachongea wenzake kwa Wajerumani. Simulizi za kwetu zinasema hivyo, nami nimekua nazo. Lakini Marealle aliona kile alichokiona Rindi: jirani anayemtisha na mgeni mwenye bunduki. Tukimlaani mmoja na kumsifu mwingine, tutakuwa tumechagua upande katika ugomvi uleule. Damu ni ya waliofunga kamba, hilo halina mjadala. Ila vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na panzi tulikuwa sisi.

Wengine mmeniambia kwamba mkiacha kesi hii mtaonekana wanyonge. Hapo ndipo ninapowaomba mrudie *Shujaa Okonkwo*, riwaya ya Chinua Achebe iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mzee Ezeudu alimwendea Okonkwo nyumbani kumwonya: kijana Ikemefuna anakuita baba, usiwe na mkono katika kifo chake. Okonkwo alisikia vizuri kabisa. Akafuatana na wauaji hata hivyo, na kijana alipomkimbilia akimwita baba, akampiga panga yeye mwenyewe, kwa hofu ya kudhaniwa mnyonge. Hakuna aliyemlazimisha. Na ona nani alilipa: mwanawe Nwoye, kitu kilivunjika ndani yake usiku ule, na baadaye akamkimbia baba yake akajiunga na wamisionari. Ninyi mnamwogopa nani hasa? Nani huyo atakayewacheka, na yuko wapi siku mnapouguliwa?

Ngoswe, yule wa tamthilia ya Semzaba, nampitia haraka, maana wengi wenu mmemjibia mtihani. Alitumwa kuhesabu watu, akamtaka binti wa nyumba iliyompokea, na karatasi za sensa zikaishia motoni. Raha ilikuwa ya mtu mmoja, hasara ya kijiji kizima.

Sasa tazameni hicho mnachokiuza. Pale juu, chini ya migomba, kuna makaburi ya babu na bibi zenu. Mfongo, mfereji wa maji unaopita kwenye kihamba chenu, ndio unaoteremsha maji kwa nyumba za chini. Akija mwenye kujenga ukuta na kuufukia, hatawakomoa watoto wa baba mkubwa peke yao. Wajane wawili walio chini yao watakosa maji ya migomba yao. Na ninyi mtaomba ruhusa ya nani Desemba mtakapopanda kuja kusafisha makaburi?

Mpaka mnaougombania umepandwa masale, mimea yetu ya mipaka, na mnajua sale lina kazi nyingine kwetu. Mtu akija kwako na jani la sale kuomba yaishe, humfukuzi.

Kwa hiyo mwambieni dalali asubiri. Jumamosi hii chagueni wawili kati yenu, wachume sale wavuke kwa baba yenu mkubwa kabla jua halijawa kali. Nitakuwapo, nimeshazungumza naye na amekubali kuwapokea. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ni juu yangu. Mtu wa kupima mpaka tutamtafuta pamoja, pande zote mbili zikiona kamba inavyovutwa, na tutakachokubaliana kitaandikwa na kutiwa saini mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu, Old Moshi