Karatasi ya Fundi Kombo

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Huku wazima, ila mvua imetuchosha, mtaani kwetu siku hizi wanatamba bata. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Riziki. Usininunie kwanza.

Fundi Kombo aliumwa. Huyo huyo wa majahazi, aliyekuwa akituita madaktari wa panadoli. Alikuja kituo chetu cha afya saa nne usiku, zamu yangu, kashika chembe cha moyo, jasho limemgandisha kanzu mgongoni. Anasema pweza wa jioni hakumkalia vizuri. Na mimi na akili zangu nikamwamini pweza! Nikampa dawa ya kiungulia, kisha nikampima ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, ili tu isisemwe sikupima.

Nikatafuta ST iliyopanda, kile kipande cha mstari kinachoinuka moyo ukishambuliwa. Hakuna. Kuanzia V1 mpaka V4, vikombe vinne vya kwanza vya kifuani, imeshuka, mawimbi ya T yamesimama, na mashine yenyewe imejiandikia juu kwamba ni mabadiliko yasiyo maalumu. Nikaitia karatasi kwenye faili. Ikalala humo dakika 40, Zuhura.

Maumivu yakagoma kukatika. Nikarudia kipimo, picha ni ile ile. Hapo ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu yule wa suruali fupi: geuza karatasi juu chini, itazame kwa nyuma, mbele ya mwanga. Wewe ulimcheka sana siku ile. Nikapanda kiti nikaibandika kwenye taa ya tyubu. Loo! Kilichoshuka kikapanda, na R ndefu ya V2, ule mchongoko wa juu, ikawa Q pana, shimo la kovu au la shambulio. Shambulio lenyewe limejificha ukuta wa nyuma wa moyo, na vile vikombe sita vya kifuani vinaliona kinyumenyume, kama mtu kwenye kioo.

Nikamlaza ubavu, nikahamishia vikombe vitatu mgongoni, upande wa kushoto, vyote usawa wa V6, kile kikombe cha mwisho cha kifuani: kimoja nyuma ya kwapa, kimoja chini ya ncha ya fupa la bega, cha tatu karibu na uti wa mgongo. Jasho lilikuwa likiving'oa, nikafuta kwa khanga yangu mwenyewe. ST ikapanda milimita moja. Mgongoni hata nusu milimita inatosha, maana moyo uko mbali na vikombe. Nusu ya kijisanduku kidogo, shoga! Unaweza kuipita huku unapiga miayo.

Mengine unayajua: aspirini ya kutafuna, miligramu 300, simu, kubembeleza gari, na safari ya usiku kwenda Dar, kilomita zaidi ya 300. Pale Taasisi ya Moyo walimzibua mshipa. Amerudi, anapumua kwa tabu akitembea, lakini ulimi uko pale pale.

Juzi mwanawe kaniletea kapu la machungwa ya Muheza, eti nimemwokoa baba. Nimeyamenya moja moja na kila moja linanikwama. Kwenye faili nimeandika saa ya karatasi ya kwanza na saa ya ile ya mgongoni, anayejua kusoma atasoma. Mwanawe hajui. Ningempima mgongoni tangu mwanzo... basi tu.

Nina shida nyingine: karatasi za ECG zimebaki roli moja. Una za kuazima mpaka mwisho wa mwezi? Mpe Salehe wa basi, nitampokea stendi.

Halafu niambie, nyie huko Bagamoyo mnapima mgongoni, au nanyi mnasubiri ST ipande? Ungekuwa wewe ungemwambia mzee? Au nimwambie mwanawe? Nianzie wapi, na machungwa nimeshakula? Mama naye vidonge vya presha anameza, au bado anavificha chini ya mto? Umeacha kukesha zamu mbili mfululizo?

Nijibu kabla ya Ijumaa, Kombo anakuja kupimwa presha siku hiyo.

Wako,
Mwanahawa