Rangi za dirisha zisivuje kwenda kwenye terminali

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa teknolojia niongelee ishu ya rangi za Emacs (programu ya kuhariri maandishi na kodi), inayowatesa vijana wengi wanaoandika programu, maana nawaona wanahangaika na kitu kilekile na wengine wameshaitupa Emacs yenyewe, na inaniuma kwa sababu dawa ipo.

Iko hivi. Tangu toleo la 23, mwaka 2009, Emacs inaweza kukaa kimyakimya kama seva af wewe unaiita kwa emacsclient, ukiweka -c unapata dirisha la kawaida, ukiweka -t inafunguka ndani ya terminali (ile skrini ya maandishi ya kuandikia amri), na kama unafanya kazi kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH hiyo -t ndo mkombozi wako. Utamu wake ni kwamba mafaili uliyofungua unayakuta kotekote. Lakini prosesi ni moja, yaani ni Emacs ileile inayohudumia kotekote, kwa hiyo ukipakia themu (seti ya rangi) nyeupe kwenye dirisha, terminali yako nyeusi nayo inageuka, maandishi hayasomeki, ukirekebisha huku unaharibu kule.

Wengi wanakimbilia kuandika sharti la display-graphic-p (linalouliza kama hapa ni dirisha au terminali) kwenye init.el, faili la mipangilio ya Emacs, yaani kama ni dirisha weka rangi hizi, kama ni terminali weka zile. Ukiwasha Emacs ya kawaida inakubali vizuri tu. Kwenye seva inagoma, na sababu yake wengi hawajaambiwa: init.el inasomwa mara moja tu, pale seva inapowaka, na muda huo hakuna dirisha lolote lililofunguliwa, so jibu linatoka hapana na rangi za terminali ndo zinapita, hata ukija kufungua madirisha mangapi baadaye.

Swali liulizwe kila fremu inapozaliwa, fremu ni kila dirisha au skrini ya terminali ambayo Emacs imefungua. Andika fankisheni yako uisajili kwenye after-make-frame-functions (orodha ya fankisheni zinazoitwa fremu mpya ikishaundwa), yenyewe itakabidhiwa fremu hiyo, halafu hiyo fremu uitaje kote kuwili, kwenye display-graphic-p na kwenye set-face-background inayoweka rangi ya nyuma. Hapo pa pili ndo panapovuja jamani! Mtu anataka terminali ibaki na rangi yake ya nyuma, anaweka "unspecified-bg" bila kutaja fremu, basi inasambaa kwa fremu zote zilizopo na zitakazokuja, na dirisha la kawaida halijui hata hiyo ni rangi gani. Ni hivi:

(defun rangi-za-fremu (f)
  (unless (display-graphic-p f)
    (set-face-background 'default "unspecified-bg" f)))
(add-hook 'after-make-frame-functions #'rangi-za-fremu)

Kama hutumii seva, fremu ya kwanza haipiti hapo, iite mwenyewe kwa (rangi-za-fremu (selected-frame)).

Kuhusu load-theme, amri ya kupakia themu, usiiite ndani ya fankisheni hiyo ukidhani itagusa fremu moja, themu ni ya wote. Mi nashauri themu moja tu, na zile rangi chache zinazogombana uziandikie masharti kwenye custom-set-faces (amri ya kupanga mwonekano wa maandishi), (type graphic) kwa dirisha na (type tty) kwa terminali, Emacs yenyewe itachagua kwa kila fremu.

Ombi langu Mhariri, mkiichapa barua hii msiyaguse mabano, likipungua moja tu msomaji ataishia kupata erro na atarudi kulekule.

Msomaji wenu,
Morogoro