Barua kwa mwanangu: uuguzi wa chuo cha kibinafsi au wa komyuniti koleji?

Mwanangu,

Zile barua mbili ulizonitumia picha zake nimezisoma. Chuo cha kibinafsi kinasema umekubaliwa. Komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili hapo Minnesota, inasema karibu, ila umalize kwanza masomo ya msingi ndipo uombe nafasi ya uuguzi. Ningepiga simu, lakini mambo haya yana hesabu nyingi. Soma taratibu, ukiwa na kalamu.

Kwanza, leseni ni moja. Mwenye digrii ya miaka miwili ya komyuniti koleji, yaani ADN, na mwenye BSN, shahada ya uuguzi ya miaka minne, hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, kwenye vituo vya kampuni ya mitihani ya Pearson VUE, na ada ya kujiandikisha ni dola 200 kwa wote. Kompyuta huwapa maswali kati ya 85 na 150 kwa muda usiozidi saa 5, na huacha kuuliza ikishapata hakika kama mtu amevuka kiwango au hajavuka. Aliyepita anaitwa RN, muuguzi aliyesajiliwa, basi. Ukisikia shangazi zako huko Minnesota wakisema wa miaka miwili ni nesi nusu, waache waseme. Mfumo huo ulianza kujaribiwa mwaka 1952 kwa mpango wa Mildred Montag wa Teachers College, New York, na hospitali za Marekani zimejaa watu waliopitia humo.

Tofauti huja baadaye, kwenye kuajiriwa na kupanda cheo. Hospitali kubwa za mjini, hasa zenye Magnet, hadhi inayopewa hospitali zinazosifika kwa uuguzi bora, hupendelea BSN, na wengi wa wale wenye ADN hutakiwa kuahidi kuimaliza ndani ya miaka kadhaa. Jimbo la New York lilitunga sheria mwaka 2017 kwamba RN mpya awe na shahada ndani ya miaka 10. Kuwa afisa muuguzi jeshini kunahitaji BSN, na ukitaka siku moja kuwa mtoa dawa za usingizi au muuguzi mwenye kliniki yake, njia inapitia hapo. Lakini BSN si lazima ije kwanza. Ukiwa RN unaweza kusoma programu ya kuvuka kutoka RN hadi BSN, mara nyingi krediti 30 hivi, kwa intaneti, huku unafanya kazi. Mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi ya fedha hizo.

Sasa hilo neno "kibinafsi". Kuna vyuo vya kibinafsi visivyo vya faida, kama St. Catherine University ya St. Paul, na kuna vya biashara, vyenye wenye hisa. Vya pili ndivyo hupiga simu mara nne kwa wiki na kukuharakisha utie sahihi kabla ya Ijumaa. Sivihukumu vyote, ila najua vikianguka vinaangukaje: ITT Technical Institute, iliyokuwa na programu za uuguzi, ilifunga kampasi zake zote kwa pamoja Septemba 2016, wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Krediti za aina hiyo ya chuo mara nyingi hazipokelewi kwingine, kwa hiyo aliyesoma mwaka mzima huanza tena na sifuri huku deni liko palepale.

Kabla hujaangalia karo, hakikisha mambo mawili. Programu iwe imeidhinishwa na Bodi ya Uuguzi ya jimbo. Bila hiyo hutaruhusiwa kufanya NCLEX. Kisha iwe na ithibati ya uuguzi yenyewe, si ya chuo peke yake, kutoka kwa shirika mojawapo kati ya haya: ACEN, CCNE au NLN CNEA. CCNE haishughuliki na ADN, kwa hiyo usishangae usipoiona kwenye komyuniti koleji, tafuta ACEN. Programu inaweza kuwa na kibali cha Bodi na isiwe na ithibati. Aliyesoma humo atapata leseni, kisha agundue kwamba hospitali za maveterani hazimchukui na vyuo vya juu vinamkatalia. Hakikisha kwenye tovuti ya mtoa ithibati, usiridhike na brosha. Neno "tunaomba ithibati" maana yake hawana.

Na akitokea mtu kanisani au kwenye kundi la WhatsApp anayejua chuo cha kutoa cheti cha RN kwa miezi michache bila wodi, mfutie namba. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 juu ya vyuo 3 vya kusini mwa Florida vilivyouza zaidi ya diploma 7,600 za uongo. Wapo waliopita hata NCLEX kwa vyeti hivyo, kisha wakapokonywa leseni.

Baada ya hapo angalia matokeo ya NCLEX, ambayo Bodi huyatangaza kila mwaka. Soma ya miaka mitatu, maana chuo kilichopeleka watahiniwa 10 kinaweza kupata asilimia 100 mwaka huu na 70 ujao. Kiwango cha taifa kwa wanaofanya mara ya kwanza, waliosomea Marekani, kilikuwa asilimia 91 mwaka 2024. Ila namba hii inaweza kupambwa. Vyuo vingine huweka mtihani wa kutokea, wa ATI au HESI, na asiyefikia alama yao hamalizi, hivyo hafiki NCLEX kuwaharibia rekodi. Kwa hiyo uliza swali la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza: wakianza wanafunzi 40, wangapi humaliza kwa wakati? Programu yenye ithibati inayo hiyo namba. Wakikuzungusha, umeshajibiwa.

Fedha. Barua yao ya msaada ina jumla nzuri chini ya ukurasa, lakini wamejumlisha vitu vya aina tatu. Ruzuku na skolashipu hazirudishwi. Mkopo unarudishwa na riba. Kazi ya chuoni si msaada mpaka uifanye. Chora mstari, bakiza ya kwanza tu. Tuseme karo ni 42,000, skolashipu yao 20,000, Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, ikija kamili ni 7,395. Kunabaki dola 14,605 kwa mwaka, kabla ya chakula na nyumba. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi hauzidi 5,500. Zile 9,105 zilizobaki zitatoka kwa mkopo wa mzazi au wa benki wenye mdhamini, na mdhamini ni sisi. Zidisha mara nne, na ukumbuke kwamba karo hupanda huku skolashipu ikibaki ilivyo. Uliza pia GPA, yaani wastani wa alama, ya kuilinda skolashipu hiyo; wakisema 3.3, fahamu kwamba muhula wa kwanza wa uuguzi huzishusha GPA za watoto hodari.

Upande wa pili, wastani wa karo ya komyuniti koleji nchini ulikuwa dola 4,050 kwa mwaka wa masomo 2024–25. Minnesota ni ghali kuliko hapo, lakini wewe una North Star Promise: tangu vuli ya 2024, familia yenye mapato ya kodi chini ya dola 80,000 huondolewa karo na ada iliyobaki baada ya ruzuku nyingine, kwenye vyuo vya umma. Cha kibinafsi hakimo. Sharti ni kujaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, na kuwa mkazi wa jimbo. Na ukiwa bado darasa la 12, PSEO, mpango wa jimbo kwa wanafunzi wa sekondari, inakuruhusu kuchukua masomo ya koleji bure, vitabu vikiwemo. Chukua insha ya Kiingereza na saikolojia muhula wa Januari, na kemia kama ratiba inaruhusu.

Kuna jambo wengi wetu hawalijui hapo Minnesota. Komyuniti koleji kadhaa, zikiwemo North Hennepin ya Brooklyn Park, Normandale ya Bloomington na Century ya White Bear Lake, ziko kwenye muungano uitwao MANE. Mtaala wao ni mmoja na Metropolitan State University, na lengo lake ni kumfikisha mwanafunzi kwenye BSN pasipo kuanza upya kokote. Kwa hiyo swali lako halikuwa ADN au BSN. Lilikuwa BSN ya deni kubwa au BSN ya deni dogo.

Lakini sitaki udhani njia ya umma haina gharama. Gharama yake ni nafasi. Nchi nzima walimu wa uuguzi na nafasi za mafunzo ya wodini ni haba. Mwaka 2023 programu za shahada ya kwanza na za juu peke yake zilikataa maombi zaidi ya 65,000 yenye sifa. RN wa kati alilipwa dola 93,600 mwaka 2024, na msaidizi wa wauguzi chini ya nusu ya hapo. Miaka miwili ya kusubiri nafasi basi ni kama dola laki moja umeziacha. Ndiyo maana nakwambia omba programu tatu kwa mpigo, wala usisubiri moja. Na kama chuo cha kibinafsi kinakuhakikishia kiti cha uuguzi tangu siku ya kwanza, hakikupangii mashindano mapya mwaka wa pili, na kilichobaki kulipa hakizidi mkopo wako wa serikali, kichukue. Sitabishana.

Kinachowaangusha watu komyuniti koleji ni masomo ya msingi. Anatomia na fiziolojia I na II, mikrobiolojia, takwimu. C inapita, lakini haikuingizi, kwani washindani wako wana A. Programu nyingi hukuruhusu kurudia somo la sayansi mara moja tu, na nyingine huhesabu hata kule kujitoa katikati. Usichukue anatomia na kemia muhula mmoja huku ukifanya zamu za usiku za CNA, yaani msaidizi wa wauguzi. Krediti za sayansi nazo huzeeka, pengi baada ya miaka 5 au 7. Mtihani wa kuingilia, mara nyingi TEAS, una maswali 170 ya kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Sayansi ndiyo yenye maswali mengi, kwa hiyo ufanye mara tu umalizapo anatomia.

Ukishaingia, alama ya kupita huwa 75 au 78, na 77.9 hawaiongezi. Jaribio la hesabu za dawa hudai 90 hadi 100. Kufeli masomo mawili ya uuguzi kwa kawaida ni kuondolewa. Ukijitoa kabla ya asilimia 60 ya muhula, sehemu ya msaada wa serikali hurudishwa na chuo hukudai wewe.

Karatasi za afya zianze sasa. Hepatitisi B ya sindano tatu huchukua miezi 6. Ulichanjwa BCG ulipozaliwa, kwa hiyo kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kuvimba bila ugonjwa. Waombe kile cha damu, kiitwacho IGRA, usije ukapigishwa eksirei bure. Kadi yako ya kliniki tutaiskani kesho tukutumie. Kama surua na tetekuwanga hazikuandikwa, damu itapimwa kinga.

Wiki hii jaza FAFSA, kisha piga simu kwa vyuo vyote viwili uulize hizo namba za wanaomaliza, majina ya hospitali za mafunzo na umbali wake kwa basi, maana kule kwenye theluji zamu huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kile cha kibinafsi waombe pia waongeze skolashipu; huwa wana nafasi, hasa kabla ya tarehe ya kuweka arbuni. Arbuni yenyewe usiitoe kabla hujaniandikia majibu.

Mama yako