Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: yule afisa ustawi uliyetuahidi yuko wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, shikamoo.

Wilaya siitaji, Dar ina wilaya tano na wewe unajijua. Mimi ni mama wa vitumbua, tena vitumbua vyangu ulishavila siku ile ya mkutano kwenye uwanja wa shule, ukasifia, ukachukua maiki ukasema kata yetu italetewa afisa ustawi wa jamii wa kukaa na hawa vijana wetu wanaotoka mahabusu, tena kabla ya bajeti. Bajeti imepita Mheshimiwa. Ikaja nyingine nayo ikapita. Tulikupigia makofi sana siku ile, kama afisa hayupo basi tunaomba uturudishie hata hayo makofi.

Naandika maana juzi usiku wamembeba tena mtoto wa marehemu kaka yangu. Msako. Walikuwa kijiweni wanacheza drafti, difenda ya polisi ikaja wakazolewa wote, na yeye kwa vile ni mrefu kaandikwa ana miaka 19. Ana 15! Cheti cha kuzaliwa nimekipeleka mwenyewe kituoni nikaambiwa acha hapo mezani mama, na mtoto kalala na watu wazima. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto akiwa mikononi mwa polisi asichanganywe na wakubwa, na umri ukiwa na utata uchunguzwe. Usishangae muuza vitumbua kuijua, kuna binti alinisomea, nitakwambia habari zake.

Mwaka juzi huyu mtoto alikwapua simu stendi. Alikwapua kweli, sibishi. Baba yake kafa, mama kaolewa kwingine, alikuwa analala hukohuko stendi kabla sijajua yuko wapi. Sasa wale mnaowaita kwenye taarifa zenu "wananchi wenye hasira kali" wakampiga, wakamvisha tairi shingoni, petroli inatafutwa, ndipo askari wakatokea wakamnyakua. Kwa hilo nawashukuru askari mpaka naingia kaburini. Akapelekwa mahabusu ya watoto, kesi inatajwa inaahirishwa, upelelezi haujakamilika, inatajwa tena, haujakamilika tena, yaani simu moja ya kitochi inapelelezwa kama benki imevunjwa. Na muda wote huo, kituoni, mahabusu, mtaani, kila mtu aliuliza habari za simu. Habari za tairi hakuna aliyeuliza.

Alivyorudi kwangu akawa anakojoa kitandani, mtoto mkubwa vile, usiku analala uvunguni. Nikamrudisha shule. Njia ya shule inapita kwa fundi pancha, na pale kila siku kuna matairi na harufu ya mpira, basi yeye akawa anazunguka njia ya mbali kule bondeni anafika kachelewa, akichelewa anachapwa, hasemi kwa nini kachelewa. Anachapwa kesho, anachapwa keshokutwa. Mwisho akaacha kwenda. Asiyekwenda shule anakwenda wapi Mheshimiwa? Kijiweni. Na kijiweni ndiko difenda inakopita. Ukiifuata hiyo njia kutoka tairi mpaka difenda utaona hakuna mahali mtoto aliamka akaamua kuwa jambazi.

Haya yote mimi nimeyajua kwa yule binti. Alikuwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii, yuko fildi hapa kwenye ofisi ya kata, mdogo tu, viatu vya vumbi. Alikuja na drafti yake akakaa na mtoto nje ya banda langu, wanacheza, hamuulizi kitu. Siku nyingine hivyohivyo. Mi nikawa nacheka moyoni, nikasema serikali imetuletea mchezaji. Siku mtoto alipoongea aliongea mpaka mafuta yangu yakaungua jikoni. Binti akaenda shuleni kuongea na mwalimu kuhusu kuchelewa, akaanza kumsindikiza ile njia ya pancha pole pole, wanasimama mbali, kesho wanasogea kidogo. Mtoto akaanza kulala kitandani. Afu fildi ikaisha, binti akarudi chuoni, na hapo ndipo mtoto akaacha shule moja kwa moja.

Majirani wanasema apelekwe Irambo, ile shule ya maadilisho ya watoto waliokosea, akanyooshwe. Irambo iko Mbeya, zaidi ya kilomita 800, nani atakwenda kumwona, mimi mwenye mkopo wa kausha damu? Na wanaokumbuka Panya Road, yale makundi ya vijana waliovamia na kupora watu, ya 2015 na ile ya 2022 siwalaumu, hata mimi nilifunga mlango nikatetemeka. Lakini misako ilikuwepo 2015, ikawepo 2022, na juzi ilikuwepo. Kama kipigo kinatibu, huyu wa kwangu kipigo alishapata cha kutosha mtaa mzima.

Sijui hela inakwama wapi, mi nadhani nauli za maafisa ustawi zinaishia kwenye zile semina za hotelini zenye bango la malezi bora na maji ya chupa. Kama nimekosea nirekebishe, ofisi ni yako. Binti aliniambia mahakama ya watoto haikai bila afisa ustawi, na nchi ilisharidhia mkataba wa haki za mtoto tangu 1991, na ndani yake imo kwamba mtoto aliyetendewa ukatili asaidiwe apone mwili na akili. Imeandikwa apone. Haijaandikwa anyooshwe.

Mwenye nyumba kaniambia nitafute pengine, hataki "jambazi" kwenye uwanja wake. Mtaji nimekula kwa nauli za kituoni. Nilikuja na orodha ndefu ya maombi, ushauri nasaha mahabusu, viboko viondoke, mafunzo ya ufundi, lakini naona tukiomba mengi ndiyo mnapata mengi ya kuahidi. Basi naomba moja. Tuletee mtu mmoja, mwenye ajira, asiyeondoka fildi ikiisha, akae na hawa watoto. Asipokuwa na ofisi atakaa bandani kwangu, kiti nitatoa mimi.

Na kabla ya huyo, cheti cha mtoto kiko palepale mezani kituoni. Alhamisi anapelekwa mahakamani. Piga simu leo kisomwe, maana Alhamisi akipandishwa kama mtu wa miaka 19, hiyo mahakama ya watoto hataiona.

Namba yangu unayo, nimeiandika kwenye daftari lenu la wageni mpaka mlinzi ameikariri.

Mama Vitumbua