YAH: Malalamiko kuhusu sanduku la wanaoanza na kijitabu kinachosema "punguza rangi"

Songea,
4 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mwezi Januari niliagiza kwenu sanduku la wanaoanza kupaka rangi sanamu ndogo: askari 20 wa Kizulu wa plastiki, wa vita vya mwaka 1879 dhidi ya Waingereza, kimo cha milimita 28, pamoja na chupa sita za rangi ya akriliki, brashi moja na kijitabu cha Kiswahili. Nililipa shilingi 95,000 kwa simu na risiti nimeiambatisha. Mzigo ulikuja kwa basi, ukafika salama, hata kona moja haikubonyea. Kwa hilo sina neno.

Neno langu ni kijitabu.

Nafundisha Historia, na klabu ya wanafunzi wetu ilitaka kuandaa meza ya maonyesho kwa ajili ya Februari 27, siku ambayo hapa Songea tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji. Sanamu za Wangoni sikuzipata popote. Lakini Wangoni walitoka huko huko kusini mwa Afrika waliko Wazulu, wakavuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na ngao zao za ngozi ya ng'ombe ni ndugu wa ngao za Kizulu. Tukaona Wazulu wenu watatufaa. Tena sanduku limeandikwa kwa herufi kubwa: "Mapambo rahisi ya ngao, hata kwa asiyewahi kushika brashi." Asiyewahi ndiye mimi.

Ukurasa wa tatu unasema: "Paka rangi ya msingi, iache ikauke, kisha paka rangi ya msingi." Nikadhani mchapaji kasinzia, karudia sentensi. Nikapaka mara moja tu, nyeupe, juu ya plastiki tupu. Kumbe ya kwanza mlikusudia praima, yaani rangi ya kutangulia inayofanya nyingine ishike, na ya pili ni rangi ya ngao yenyewe. Vitu viwili, mkavipa jina moja! Praima yenyewe haimo sandukuni, wala hamkuandika popote kwamba inanunuliwa kando. Siku ya tatu mwanafunzi mmoja aligusa ngao kwa ukucha, rangi ikabanduka kama ganda la yai la kuchemsha.

Ukurasa wa tano ndio ulionimaliza. "Kabla ya kuchora vipande, punguza rangi." Nikapunguza. Nilichovya ncha tu ya brashi, nikafuta nusu kwenye kitambaa, nikabaki na rangi kidogo, nzito vilevile. Sasa, ngao hizi zina safu mbili za vipande vidogo vya ngozi vilivyopenyezwa katikati, kutoka juu hadi chini. Wazulu wanaviita amagabelo. Kwenye sanamu yenu kipande kimoja hakifiki nusu ya punje ya mchele. Rangi nzito haiteremki hadi kwenye ncha. Inakwama, unabonyeza, halafu inamwagika yote kwa mpigo. Ngao nane zikapata matone mahali pa vipande. Wanafunzi waliziita ngao za ndui.

Aliyetuokoa ni fundi anayeandika maneno kwenye bajaji, kibanda chake kiko karibu na shule. Nilimpelekea sanamu moja na kijitabu. Alicheka kwanza.

"Mwalimu, hapa wanataka utie maji. Rangi iwe kama maziwa."

Kutia maji! Maneno mawili, na yangetosha. Alinionyesha kuosha plastiki kwa sabuni ili kutoa mafuta ya kiwandani, akatugawia praima ya kijivu iliyobaki kazini kwake, akatufundisha kujaribu mstari kwenye ukucha wa dole gumba kabla ya kugusa ngao. Jambo la maana kuliko yote aliyotufundisha ni hili: kipande kikitoka kinene usikifute, kiache kikauke, kisha pitisha rangi ya ngao pembeni mwake mpaka kibaki chembamba. Hilo kijitabu hakigusi kabisa. Picha ya pili inaonyesha ngao nyeupe, picha ya tatu ngao iliyokamilika. Kazi yote iko katikati ya picha hizo mbili, na ndiyo niliyolipia.

Brashi ilipasuka ncha ndani ya wiki moja, sasa ni ulimi wa nyoka. Chupa ya nyeupe ilikuja nusu yake imeganda.

Jingine silidai fidia, ila mwalimu hawezi kulipita. Mmeandika "chagua rangi ya ngao uipendayo". Ngao zile zilikuwa mali ya mfalme na rangi yake ilitambulisha kikosi: kwa desturi vijana walibeba za rangi nyeusi nyeusi, nyeupe zikawa za wakongwe. Mstari mmoja kuhusu hilo usingewagharimu wino mwingi.

Februari 27 tuliweka mezani askari 11. Tisa wamo sandukuni, wamekwanguliwa, wanasubiri.

Naomba mnitumie chupa mpya ya nyeupe, brashi yenye ncha na praima inayofaa plastiki, ndani ya siku 14 na kwa gharama zenu. Mkishindwa, nirudishieni shilingi 95,000 nami nitawarudishia vyote, pamoja na wale 11. Mkikaa kimya nitapeleka nakala ya barua hii Tume ya Ushindani. Kurasa za tatu na tano nimezisahihisha kwa kalamu nyekundu na nimeziambatisha. Zitumieni mtakapochapa upya, sidai malipo.

Namba yangu iko kwenye risiti. Msipige kabla ya saa nane mchana, nakuwa darasani.

Mteja wenu,
Mwalimu wa Historia, Songea