Saa ya Jua Haijachelewa: Soma Hapa Kabla ya Safari ya Kirkdale

Julai iliyopita mgeni wetu mmoja, mama wa Mombasa anayeishi Leeds, alisimama mbele ya saa ya jua, ile inayoonyesha wakati kwa kivuli cha kijiti, katika bustani moja karibu na York, kaskazini mwa Uingereza. Akatazama kivuli, akatazama simu, kisha akanigeukia: "Mwanangu, hii mbona mbovu?" Kivuli kilikuwa kwenye saa sita kamili mchana. Simu ilisema saa saba na dakika kumi.

Swali hili tunaulizwa karibu kila tunapopakia gari, na linastahili jibu kamili.

Zile dakika 70 zina wenyewe. Saa nzima ni ya serikali: kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa za Uingereza husogezwa mbele. Dakika 4 ni za mahali. Simu inafuata saa ya Greenwich, kitongoji cha London ambacho saa ya Uingereza huhesabiwa kwacho, na York iko magharibi yake kwa digrii 1 hivi. Jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii. Dakika 6 zilizobaki ni za dunia yenyewe, kwa kuwa njia yake kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama. Ndiyo maana jua halifiki utosini kila siku kwa wakati uleule wa saa ya ukutani. Katikati ya Februari huchelewa dakika 14, na mapema Novemba hutangulia dakika 16. Ukija nasi Novemba, utakuta kivuli cha York kiko mbele ya simu yako kwa dakika 12 hivi.

Kwa hiyo nilimjibu mama: saa sita ya kivuli ndiyo saa sita ya kweli ya pale aliposimama. Zamani kila mji wa Uingereza ulikuwa na saa sita yake. Reli ndizo zilizoanza kulazimisha saa ya London miaka ya 1840, na sheria ikafuata 1880. Anayeangalia kivuli ili ajue adhuhuri imeingia hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa Kirkdale. Kanisa la Mtakatifu Gregory limo kwenye kibonde chenye miti, karibu na Kirkbymoorside, kando ya kijito ambacho wakati wa kiangazi maji yake hupotelea chini ya ardhi. Juu ya mlango wa kusini kuna jiwe moja lenye urefu wa zaidi ya meta 2. Katikati yake imechorwa nusu duara ya saa ya jua, na pande zote mbili kuna maandishi ya Kiingereza cha kale. Yanasema kwamba Orm mwana wa Gamal alilinunua kanisa hili likiwa limevunjika na kuanguka, akalijenga upya toka chini, siku za mfalme Edward na za Tosti aliyetawala eneo hili. Tosti alitawala kuanzia 1055 hadi 1065, basi jiwe lina umri unaokaribia miaka 1,000. Waliolitengeneza wamejiandika pia: Hawarth, na kasisi Brand. Mimi hukaa kimya kidogo nikifika kwenye majina hayo.

Usitegemee kusoma wakati hapo. Kijiti hakipo tena, na kibaraza kilichojengwa baadaye kinazuia jua. Lakini kibaraza hichohicho ndicho kilichoyakinga maandishi na mvua.

Tazama hesabu yake. Nusu duara ile inagawa mchana tu, toka jua kuchomoza hadi kuzama. Makanisa ya zama zile yalikuwa na sala za saa ya tatu, ya sita na ya tisa, yaani saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Mwingereza wa leo hulazimika kupiga hesabu ili aelewe. Wewe uliyezaliwa na saa ya Kiswahili unaisoma moja kwa moja, na hilo ndilo lililonifanya nianzishe safari hii.

Hatua chache kutoka hapo kuna pango. Mwaka 1821 wachimba mawe walikuta humo mifupa, na mtaalamu William Buckland akatambua kuwa ni ya fisi, viboko, tembo na faru waliokuwa wakiishi hapa Yorkshire. Watoto wakisikia hayo, saa ya jua inasahaulika kabisa, nasi tunawaachia.

Wanaotaka kuona saa ya jua ya kale zaidi, tunao mzunguko wa Escomb, kaunti ya Durham, kanisa la karne ya 7 lenye saa yake kwenye ukuta wa kusini. Huko twende mchana. Juni jua huchomoza kaskazini-mashariki, na ukuta wa kusini haulioni mpaka asubuhi imeshakolea.

Vaeni viatu vya kuhimili tope, na tafadhali msiguse maandishi ya mawe. Tunaondoka Leeds Jumamosi saa mbili asubuhi, saa mbili yetu ya Kiswahili. Kwenye simu mtaona 8:00.